HESHIMA SI UTUMWA: MAILI MOJA KUTOKA LUBIRI HADI BULANGE

Wahenga walituachia methali mbili ambazo ukizitia katika kapu moja huanza kugombana. Ya kwanza yasema, "Mwenye nguvu mpishe." Ya pili yasema, "Heshima si utumwa." Kila mwalimu wa Kiswahili amepata kuziandika ubaoni, pengine katika juma moja, na wanafunzi wake wakazinakili bila ya kuuliza swali ambalo lingestahili kuulizwa: nimwonapo mtu amesimama kando ya njia ili mwingine apite, nitajuaje ni methali ipi anayoitii? Kwa nje matendo hayo mawili hayana tofauti. Mguu uliorudi nyuma ni mguu uleule, na kichwa kilichoinama ni kichwa kilekile. Lakini mtu mmoja amepisha kwa kuwa anaogopa kukanyagwa, na mwingine amepisha kwa kuwa ameona jambo linalostahili kupewa nafasi. Wa kwanza amepungukiwa na kitu. Wa pili hakupungukiwa, na yamkini ameongezewa.

Swali hili twaweza kulijadili tukiwa tumeketi darasani, na wengi wetu tumelijadili hivyo. Hata hivyo pako mahali katika mji wa Kampala ambapo swali hilo limejengwa kwa mawe na kuwekwa katikati ya barabara, kiasi kwamba kila apitaye hana budi kulijibu kwa miguu yake, apende asipende. Katika makala haya tunakusudia kumwalika msomaji aitembee barabara hiyo pamoja nasi, tangu mwanzo wake mpaka mwisho wake, halafu tuone kama tutazipatanisha zile methali mbili. Twasema aitembee, wala si aipite juu ya bodaboda, kwa sababu mtu aliye juu ya bodaboda katika Kampala ana jambo moja tu la kulifikiria, nalo ni kufika akiwa mzima.

Kampala ni mji wa vilima, na kilima cha Mengo kimekuwa makao ya wafalme wa Buganda tangu Kabaka Mwanga wa Pili alipojenga ikulu yake huko mwaka 1885. Ikulu hiyo huitwa Lubiri, na jumba lililomo ndani yake huitwa Twekobe. Ukisimama katika lango kuu, liitwalo Wankaaki, utaiona mbele yako barabara iliyonyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mwisho wake, kiasi cha maili moja, limesimama jengo la Bulange lenye mnara uliochongoka, ambalo lilijengwa katika miaka ya 1950, wakati wa Kabaka Mutesa wa Pili, liwe makao ya Lukiiko, yaani baraza la Buganda. Kwa hiyo barabara hii inaunganisha nyumba ya mfalme na nyumba ya baraza. Upande mmoja yuko mtu mmoja, na upande wa pili wako watu wengi wanaosema kwa zamu. Aliyeinyoosha barabara baina ya hizo mbili alikuwa na fikra fulani kichwani.

Jina la barabara hiyo ni Kabaka Anjagala. Mwalimu wa sarufi atalifurahia jina hili, maana atalifungua kwa urahisi kama afunguavyo neno la Kiswahili. Kiambishi a- ni mtenda wa nafsi ya tatu, sawasawa na a- yetu. Kiambishi n- ni mtendwa wa nafsi ya kwanza, ndugu wa -ni- yetu. Mzizi ni -yagala, yaani -penda. Herufi n ikikutana na y katika Kiganda huzaa sauti nj, ndiyo maana twasikia anjagala. Kiganda hakihitaji -na- ya wakati uliopo kama sisi. Basi jina zima ni "Kabaka ananipenda." Waganda huuita kwa jina hilohilo mti mmoja ambao kokwa zake zina mafuta mengi na huweza kuwaka kama mshumaa.

Sasa tazama ni nani aliyepewa kazi katika sentensi hiyo. Haikusemwa "Nampenda Kabaka." Mtembezi anayeitaja barabara hii, hata akiwa anamwelekeza mgeni tu, anamtaja mfalme kuwa ndiye mtenda, na yeye mwenyewe anajitaja kuwa mtendwa. Mfalme ndiye aliyetwikwa wajibu. Mtu akitaka kujua iwapo barabara imestahili jina lake, hatawachunguza wapita njia kuona kama wanampenda Kabaka. Atamchunguza Kabaka kuona kama anawapenda wapita njia. Jambo hili tuliweke akibani, maana tutalihitaji baadaye.

Kando ya barabara zimesimamishwa sanamu za alama za koo za Buganda, ambazo jumla yake ni zaidi ya 50. Mtembezi atawakuta simba na chui, ndovu, tumbili, kakakuona na samaki aina ya kambaremamba. Wamo pia viumbe wasiotisha mtu yeyote, kama panzi na uyoga. Kila Mganda ana alama ya ukoo wa baba yake, na haruhusiwi kuila. Kiganda huiita muziro, na mwalimu wa Kiswahili ataitambua mara moja, kwani ndiyo mzio yetu, chakula anachokatazwa mtu. Lakini mwenye kuelewa mila za huko atakwambia neno la ziada ambalo halikuandikwa juu ya sanamu. Watoto wote wa Buganda hufuata ukoo wa baba, isipokuwa Kabaka, ambaye huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Maana yake ni kwamba ukoo wowote kati ya hizo zilizojipanga barabarani, hata ule wa panzi, hata ule wa uyoga, waweza kumzaa mfalme wa kesho. Mfalme apitapo baina ya sanamu hizo, anapita baina ya jamaa za mama zake. Ufalme hauna ukoo mmoja wa kuumiliki.

Katikati ya safari hii, kabla ya kufika Bulange, barabara inakutana na mzunguko, au kipilefti kama wasemavyo wenzetu wa Dar es Salaam. Mahali hapo huitwa Nantawetwa, neno lenye maana ya asiyepindishwa. Mizunguko ya Kampala ni mingi, na yote hufanya kazi moja ya kuwalazimisha wenye magari kupinda. Huu wa Nantawetwa una jambo la peke yake. Katikati yake imepasuliwa njia nyoofu yenye malango, na malango hayo hufungwa. Hufunguliwa tu apitapo Kabaka, kwa kuwa mila yasema kwamba Kabaka akitoka Lubiri kwenda Bulange hazunguki. Wengine wote, awe waziri, awe mchuuzi wa ndizi, awe mwalimu mwenye madaftari kwapani, hulikuta lango limefungwa, nao huzunguka.

Hapa ndipo swali letu linapotukabili uso kwa uso. Mtu anayezunguka Nantawetwa, je, anampisha mwenye nguvu, au anatoa heshima isiyo utumwa?

Yuko atakayejibu upesi, na jibu lake lina uzito. Atasema kwamba Uganda ni jamhuri, na katika jamhuri barabara ni ya wananchi wote. Kumpa mtu mmoja njia nyoofu na kuwapa wengine njia ya kuzunguka ni kuwafundisha watoto kila siku, bila ya kusema neno, kwamba wanadamu hawako sawa. Atazidi kusema kwamba udogo wa jambo ndio hatari yake. Mtu aliyezoea kuzungushwa hatua 50 kwa ajili ya mkubwa hatashtuka siku atakapozungushwa mwaka mzima katika ofisi ya mkubwa huyo akitafuta haki yake.

Hatuna haki ya kulipuuza jibu hili. Lakini tukilikubali kama lilivyo, itatubidi tufute mambo mengi zaidi ya lango moja. Itatubidi tufute shikamoo, maana ni kujishusha. Tufute hodi, kwa sababu gani mtu mzima asimame nje ya mlango ulio wazi akingoja kuitikiwa? Tufute na desturi ya kumpisha mzee kiti, na ya magari kusimama jeneza linapopita. Mtu anayesimama kando ya njia kupisha jeneza hamwogopi maiti. Amekubali kwamba kwa dakika hiyo liko jambo kubwa kuliko haraka yake. Basi si kila kupisha ni kupungukiwa, na usawa wa wanadamu haukuvunjwa kwa kuwa mmoja amesubiri. Kinachotakiwa ni alama za kutofautishia, ili mtu apimapo kitendo cha kupisha ajue amesimama wapi. Sisi tunapendekeza alama tatu.

Alama ya kwanza ni kwamba anayepishwa naye awe amefungwa. Heshima ni kamba yenye ncha mbili. Mkubwa anayeamkiwa kwa shikamoo hana uhuru wa kunyamaza, sharti aitikie marahaba, na akikataa kuitikia ameivunja heshima yake mwenyewe. Alama ya pili ni kwamba anayepisha afike aendako. Mtu akizunguka akafika, amechelewa kidogo tu, lakini akizunguka asifike milele, huyo amenyang'anywa. Alama ya tatu ni kwamba anayepisha awe na uwezo wa kukataa bila ya kuangamia, na wa kuuliza sababu bila ya kupigwa. Kitendo cha hiari hujulikana kwa kuwepo kwa mlango wa kutokea. Ambapo hakuna mlango huo, tusiite heshima, hata kama pana zulia.

Mengo yenyewe imeushuhudia ukosefu wa alama hizo. Si mbali na Lubiri liko Ziwa la Kabaka, ambalo halikuumbwa na mvua bali na majembe. Mwanga aliamuru lichimbwe katika miaka ya 1880, akikusudia kuliunganisha na Ziwa Nyanza. Watu wa kila cheo, pamoja na machifu, walishurutishwa kuchimba, na aliyechelewa alitozwa. Hapo mfalme hakujifunga kwa lolote, na mchimbaji hakuwa na mlango wa kutokea. Ni Mwanga huyohuyo aliyeamuru vijana wa Kikristo wa nyumba yake wauawe, na wengi wao wakachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Nao Waganda hawakuiita hali hiyo heshima. Mwaka 1888 Wakristo na Waislamu wa Buganda waliungana wakamwondoa katika kiti. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba kupisha ni tabia ya kuzaliwa nayo ya watu wa nchi hiyo. Walipisha walipoona sababu, na walipoona sababu imekwisha waliacha kupisha.

Tuendelee na safari. Mtembezi akiwa katikati ya njia hii, nyuma yake Lubiri na mbele yake Bulange, amesimama mahali ambapo historia ya Uganda ilivunjika katika muda wa siku nne. Uganda ilipopata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, Buganda ilikuwa na hadhi ya pekee ndani ya katiba. Mwaka 1963 Kabaka Mutesa wa Pili akawa Rais wa nchi nzima, naye Milton Obote alikuwa Waziri Mkuu. Mambo yakaharibika. Mwaka 1964 wananchi wa Buyaga na Bugangaizi walipiga kura kurudi Bunyoro, na Buganda haikupenda. Februari 1966 Obote aliisimamisha katiba, na Aprili akaleta katiba nyingine ambayo wabunge hawakupata nafasi ya kuisoma kwanza. Tarehe 20 Mei 1966 Lukiiko, likikutana Bulange, liliitaka serikali kuu iondoke katika ardhi ya Buganda kabla ya mwisho wa mwezi. Tarehe 24 Mei jeshi likiongozwa na Idi Amin liliishambulia Lubiri.

Waweza kumlaumu huyu au yule, na watu wa Uganda wamelaumiana kwa muda wa miaka mingi. Kwa ajili ya swali letu yatosha kuona jambo moja. Pande mbili zilikuja katika njia moja nyembamba, na kila upande ulisema, "Mimi ndiye nisiyepindishwa, zunguka wewe." Lukiiko liliiambia serikali iondoke mahali ambapo haikuweza kuondoka, kwani mji mkuu wa nchi ulikuwa hapohapo. Na serikali, badala ya kugonga lango na kungoja, ilibomoa. Watu wengi waliuawa siku hiyo, na idadi yao imebishaniwa tangu wakati huo. Mutesa aliruka ukuta wa ikulu yake wakati wa mvua kubwa, akaingia katika teksi, akasafiri kwa njia za uchochoro na za porini mpaka Kongo, kisha Burundi, hatimaye Uingereza. Alifia London tarehe 21 Novemba 1969, na mwili wake ulirudishwa Buganda mwaka 1971. Mtu ambaye mila ilimkataza kuzunguka hata kwa hatua chache alirudi nyumbani baada ya mzunguko wa miaka mitano, naye hakuwa hai.

Yaliyofuata yanalijibu lile jibu la haraka tulilolitaja, la kwamba usawa hupatikana kwa kuliondoa lango la mfalme. Katiba ya mwaka 1967 ilifuta falme zote. Bulange ikawa makao makuu ya Wizara ya Ulinzi, ikaitwa Republic House, yaani Nyumba ya Jamhuri. Lubiri ikawa kambi ya askari. Ndani yake, katika enzi ya Idi Amin, likajengwa handaki la zege la kuwekea silaha, ambalo liligeuka mahali pa mateso, na wengi walioingizwa humo hawakutoka. Njia iliyokuwa na mtu mmoja asiyezunguka sasa ilikuwa na kila mwenye bunduki asiyezunguka. Nyumba iliyoitwa ya Jamhuri ilikuwa nyumba ambayo raia hakuthubutu kuisogelea. Lango aliponyang'anywa mfalme halikufunguliwa kwa umma. Lilihamia mkononi mwa mwingine ambaye hakufungwa na mila, wala na mama zake wa koo 50, wala na jina la barabara. Huyo hakuna aliyedai kwamba anampenda.

Hatusemi kwamba ufalme ni bora kuliko jamhuri. Tanzania na Kenya ni jamhuri, na watu wake hupishana njiani kwa adabu. Tunasema kwamba kuondoa alama ya heshima si sawa na kuleta usawa, na kwamba afanyaye la kwanza akidhani amekwisha kufanya la pili amejidanganya. Usawa huletwa na zile alama tatu: mkubwa afungwe, mdogo afike, na pawepo mlango wa kutokea.

Ufalme ulirudishwa mwaka 1993, na Ronald Muwenda Mutebi wa Pili akatawazwa tarehe 31 Julai mwaka huo. Bulange ikarudi mikononi mwa Buganda, na Lubiri ikafuata baadaye. Lakini ulirudi ukiwa umebadilika. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yasema kwamba kiongozi wa jadi hataingia katika siasa za vyama, na kwamba mtu hatalazimishwa kumtii wala kuchangia gharama zake. Tukiipima Nantawetwa ya leo kwa kipimo chetu, twaona kwamba anayepishwa amefungwa, na sheria na mila pia. Anayezunguka anafika, baada ya nusu dakika. Na asiyetaka kumpa Kabaka utii hawezi kulazimishwa. Hapo ndipo kuzunguka kunapoweza kuitwa heshima. Mganda azungukapo hasemi kwamba yeye ni mdogo. Anasema kwamba liko jambo lililokuwapo kabla yake, lililovunjwa na likarudi, naye analiachia nafasi ya upana wa lango moja.

Wala tusidhani mambo yamekwisha. Septemba 2009 serikali ilizuia ziara ya Kabaka wilayani Kayunga. Ghasia zikazuka Kampala, watu wakauawa kwa risasi, na redio ya CBS, ambayo studio zake ziko Bulange, ikafungwa mpaka Oktoba 2010. Tena lilikuwa swali la njia: nani apite wapi, na nani ampishe nani. Swali hili halijibiwi mara moja na kuwekwa kabatini.

Sasa tunafika Bulange, na hapa yatupasa sisi walimu wa Kiswahili tuseme neno linalotuhusu wenyewe, ingawa si neno tamu. Tumeitembea maili hii tukiwa na lugha yetu mdomoni. Je, barabara hii imepata kuisikia lugha hiyo hapo kabla? Imeisikia. Jeshi la Uganda lilirithi Kiswahili kutoka jeshi la wakoloni la King's African Rifles, na amri za askari zilitolewa kwa Kiswahili. Watu wengi wa Mengo walikijua Kiswahili kama lugha ya mtu anayegonga mlango kwa kitako cha bunduki. Tena si hilo tu. Mwaka 1929, wakati serikali ya kikoloni ilipotaka kukieneza Kiswahili katika Uganda, Kabaka Daudi Chwa aliandika kukipinga, akihofia hatima ya Kiganda. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa, baada ya kura ya wajumbe wa wilaya, lakini mtangazaji mwenyewe alikuwa wa namna ambayo haisaidii lugha kupendwa. Mwaka 2005 katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule.

Basi Kiswahili kinakuja Kampala kikiwa na nguvu, chenye wizara nyuma yake na Jumuiya ya Afrika Mashariki mbele yake. Hatari ni kwamba sisi tunaokifundisha tutaridhika na ile methali ya kwanza: mwenye nguvu mpishe. Tutaingia darasani kana kwamba malango ya Nantawetwa yalifunguliwa kwa ajili yetu. Tutamcheka mtoto anayechanganya l na r. Tutamwambia kwamba lugha ya bibi yake ni ya nyumbani, na hii yetu ndiyo ya watu. Mtoto atapisha, maana mtihani ni mtihani, na atajibu maswali, na akitoka shuleni hatakitumia tena. Lugha iliyopita njia nyoofu kwa nguvu huwa haifiki. Hufika kambini tu.

Tujipime kwa alama zetu tatu. Tumefungwa na nini? Yatupasa tufungwe na wajibu wa kujifunza, angalau kidogo, lugha ya wale tunaowafundisha, kwa kuwa mwalimu asiyejua kwamba muziro ndiyo mzio na kwamba anjagala ni ananipenda ameuacha ufunguo mlangoni. Je, mtoto wa Kiganda, Kiacholi au Kinyankole anafika aendako akiwa bado na lugha yake, au tumemzungusha asirudi? Na je, anaweza kutuuliza, "Mwalimu, kwa nini nijifunze lugha ya askari?" bila ya kuadhibiwa? Swali hilo likiulizwa, lisichukuliwe kuwa utovu wa adabu. Mtoto amebisha hodi, nasi yatupasa tuitikie karibu, kisha tumweleze ukweli wote, pamoja na ule usiotupendeza.

Wako wenzetu watakaosema kwamba huku ni kukidhalilisha Kiswahili, lugha kubwa yenye wasemaji wengi, kwa kukitaka kizunguke mbele ya Kiganda. Lakini tumekwisha kuona kwamba anayezunguka kwa hiari hapungukiwi, na kwamba hufika. Kiswahili chenyewe hakikukua kwa kubomoa. Kilikua bandarini na katika njia za misafara, kwa kuazima kwa kila mwenyeji neno na kumwachia neno. Kupinda hakukukipunguza, ndiko kulikokifikisha Kongo.

Tungependa mwalimu atakayesoma makala haya, hasa aliyeko Uganda, alijaribu zoezi hili. Awachukue wanafunzi wake siku moja, watembee kutoka lango la Wankaaki mpaka Bulange, kila mmoja ataje alama za koo azionazo kwa Kiganda na kwa Kiswahili. Wakifika Nantawetwa wazunguke, na baada ya kuzunguka wajadili kama wamepungukiwa na kitu. Kisha mwalimu awaulize kama waweza kusema, juu ya lugha anayowafundisha, neno lile ambalo barabara inalisema juu ya mfalme. Kwa Kiganda lingekuwa *Oluswayiri lunjagala*: Kiswahili kinanipenda. Wakinyamaza, asiwalaumu. Sarufi imekwisha kumwonyesha ni nani mtenda katika sentensi hiyo.